Bibi Samaki na Disketi za Mwamba Shundo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa dada na jana akamtwaa, nawasalimu nyote, shekhe wetu na maimamu mliofuatana naye, wazee wangu shikamooni, mama zangu mlioko uani, majirani wa Pongwe, wafanyakazi wenzake marehemu, na ndugu zetu wa Moa mliofika mchana huu na magari mawili. Mimi ni Badru Abdulla, mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kabla hatujamchukua kwenda kuswaliwa. Nimeombwa niwe mfupi, na nimeombwa pia niwe mpole, na hilo la kwanza nitajitahidi.

Marehemu Mwanakhamis binti Abdulla bin Masoud alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kijiji cha Moa, ambacho leo kiko wilaya ya Mkinga, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Abdulla, aliyevuka kutoka Pemba akiwa kijana na kufanya biashara ya ng'onda, samaki waliokaushwa, na marehemu mama Khairiya, Mdigo wa hapo hapo Moa, mkulima wa mpunga na mihogo. Alikulia chini ya banda la baba, akikaa juu ya gunia wakati samaki wanachambuliwa, na kwa kuwa kila samaki nyumbani kwetu alikuwa na majina mawili, la Kipemba la baba na la Kidigo la mama, dada alikuwa akiyajua yote na kutusahihisha sisi wadogo zake tulipokosea, tena hakuwa na subira sana katika kusahihisha.

Alianza shule ya msingi Moa mwaka 1971 na kumaliza mwaka 1977, akachaguliwa kuingia sekondari mjini Tanga, akiwa msichana pekee wa kijiji mwaka ule, akasoma huko tangu 1978 hadi 1981, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili akimsaidia mama shambani, hadi Septemba 1983 alipokwenda Bagamoyo kusomea uvuvi. Baba hakupenda, alisema mwanamke hafundishwi bahari, lakini siku ya safari ndiye aliyembebea begi hadi kituoni, na alipohitimu mwaka 1985 baba ndiye aliyekuwa akisimamisha watu njiani kuwaambia.

Tarehe 1 Februari 1986 aliajiriwa kuwa afisa uvuvi na kupangiwa Pangani, kazi ambayo wananchi wamezoea kuiita ya bwana samaki, na kwa kuwa hawakuwahi kumwona mwanamke akiifanya wakamwita Bibi Samaki, jina ambalo wengi wenu hapa mnamjua kwalo kuliko alilopewa na wazazi wake. Ni huko Pangani alikokutana na mwalimu Ayubu wa Mwera, wakafunga ndoa tarehe 2 Aprili 1988 nyumbani kwetu Moa, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Tuhfa, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1990, na Mundhir, aliyezaliwa tarehe 5 Novemba 1994. Shemeji Ayubu yupo hapa, amekaa karibu na jeneza, na kama kuna mtu aliyebeba mambo nitakayoyasema bila kunung'unika, ni yeye.

Mwaka 1996 marehemu aliazimwa na mradi mmoja wa kuhifadhi pwani, mradi ambao ulishafungwa na jina lake sitalitaja, akapewa kazi ya kukusanya takwimu za samaki kutoka Moa, Kwale, Mtang'ata na Kigombe, yaani kila asubuhi vyombo vinapotua, waandishi wake wanaandika kwenye karatasi nani amevua wapi, amepata changu kiasi gani, tasi kiasi gani, chewa, pono na kolekole, na mwisho wa wiki karatasi zinaletwa ofisini mjini, naye anaziingiza kwenye kompyuta na kuzihifadhi kwenye disketi, zile sahani ndogo za plastiki za mraba ambazo vijana wa leo hawajaziona. Aliipenda kompyuta ile. Aliifunika kwa kanga jioni kabla ya kutoka, na alipokuja nyumbani alituonyesha disketi moja na kutuambia kwamba ndani yake mna Moa nzima ya mwaka mmoja, kwamba karatasi huliwa na mchwa na mvua, lakini hiki mchwa hakili. Nalisema hili kwa sababu baadaye walisema alikuwa mzembe, wakati kosa lake lilikuwa kuamini, na aliamini alichofundishwa na waliomtuma kazi.

Mnajua wenyewe hali ya bahari ya Moa ilivyokuwa miaka ile, baruti za kuvulia zikilia hadi vikombe vinatikisika kabatini, na mwamba wetu wa Shundo, uliowalisha babu zetu upande wa mama, ukawa hautoi hata kitoweo. Mwaka 2001 mradi ulitaka wavuvi wauache mwamba upumzike, wakakataa, na wageni wa mradi walipokwisha kusema na kushindwa ndipo dada yangu aliposimama katika mkutano wa kijiji, akiwa binti wa pale, akawaambia maneno ambayo wengi mliofika leo mliyasikia kwa masikio yenu.

"Nipeni miaka mitano. Samaki wakirudi, takwimu zitasema, na mwamba mtakabidhiwa ninyi muulinde wenyewe. Wasiporudi, mje kunidai mimi."

Wakampa. Na naomba tusipite hapa haraka, kwa sababu miaka ile mitano haikuwa maneno, watu waliuza nyavu, wengine walihamia Vanga na Shimoni kutafuta riziki, na walioamua kubaki walivua mbali na kwa hatari. Samaki wakarudi. Nani hapa kutoka Moa atasema hawakurudi, kufika mwaka 2005 watoto walikuwa wakivua chewa kwa mshipi karibu na mwamba, na dada yangu alikuwa akiingiza kila samaki kwenye kompyuta ile, akiweka disketi baada ya disketi ndani ya kabati la chuma.

Mwaka 2004 ofisi ya mradi iliamua kwamba chumba cha karatasi kitumike kwa mambo mengine, na meneja, Ndugu Uweso, akauliza kama zote zimeshaingizwa kwenye kompyuta, marehemu akajibu kwamba zimeingizwa zote, na hiyo ni kweli, basi karatasi zikapakiwa kwenye gari na kuchomwa moto, na zilizofuata zikawa zinachomwa kila zilipokwisha kuingizwa. Mwaka 2006 marehemu alianza kuona disketi nyingine zinagoma, mashine inakoroma muda mrefu kabla ya kufungua, akamwomba meneja achukuliwe mtu wa kunakili kila kitu kwenye chombo kipya zaidi, meneja akasema litashughulikiwa. Akaomba tena mwaka uliofuata, akaambiwa liko kwenye mpango. Mwezi Oktoba 2008 mama yetu aliugua, dada akachukua likizo kwenda kumuuguza Moa, na aliporudi akakuta mradi umefungwa, samani zimepigwa mnada, na ile kompyuta yake imeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, meza imebaki na alama ya vumbi mahali ilipokuwa. Disketi alizikuta kwenye boksi, sakafuni, chini ya dirisha lisilo na kioo, akazibeba hadi nyumbani.

Ndugu waombolezaji, mwaka 2012 alikuja mwekezaji akiutaka mwamba wa Shundo kwa ajili ya wageni wake wa kuzamia, na wanakijiji wakasema mwamba ni wetu, tumeupumzisha wenyewe, tumeahidiwa. Ikaundwa kamati, na kamati ikasema jambo lililo wazi, kwamba kama wanakijiji ndio waliorudisha samaki, basi walete takwimu. Moa nzima ikamgeukia Bibi Samaki. Tarehe 17 Julai 2012, katika darasa la shule ya msingi aliyosoma yeye mwenyewe, mbele ya kamati, mbele ya mwekezaji, na watu wamejaa mpaka madirishani, dada yangu alifungua boksi lake na kumkabidhi katibu wa kamati disketi ya kwanza. Walikuwa wametafuta mashine yenye mlango wa disketi kutoka mjini. Ikakoroma, ikagonga ndani kama mtu anayebisha hodi, kisha yakatokea maandishi kuuliza kama diski hii isafishwe ili ianze kutumika upya. Katibu, aliyekuwa mtu wa haraka, alinyoosha kidole kukubali, na dada yangu akamshika mkono. Wakaweka ya pili, ikauliza vilevile. Wakaendelea hivyo hadi boksi likaisha, na kila moja ikauliza swali lile lile, na watu waliokuwa madirishani wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Miaka mingi baadaye tulielezwa na fundi kilichotokea, nami nitakisema kwa kifupi ili kieleweke. Kompyuta ile ya ofisi, kwa uzee, kichwa chake cha kuandikia kilikuwa kimehama kidogo kidogo, kikawa kinaandika pembeni ya mstari, na kwa kuwa kilihama polepole, mashine yenyewe iliendelea kusoma maandishi yake kwa tabu lakini yasiweze kusomwa na mashine nyingine yoyote duniani. Siku walipoiuza kwa vyuma chakavu ndiyo siku waliyouza macho. Na juu ya hayo, hewa yetu ya chumvi na ile sakafu chini ya dirisha vilikuwa vimeotesha ukungu ndani ya plastiki, ambao kwa nje hauonekani.

Lakini siku ile hakuna aliyejua. Mwenyekiti wa kamati alimwita Ndugu Uweso, aliyekuwa amealikwa kama meneja wa zamani, na kumuuliza kama takwimu zilikuwepo. Ndugu Uweso yupo hapa leo, amepewa kiti cha mbele, na sikumwomba ruhusa kuyasoma haya, kwa sababu na yeye siku ile hakumwomba marehemu ruhusa. Hakusema karatasi zilichomwa kwa amri yake, hakusema aliombwa mara mbili zinakiliwe, hakusema aliuza kompyuta. Alisema:

"Mimi nilimwachia kazi yake. Alichofanya na disketi anakijua mwenyewe."

Mwamba ukapewa mwekezaji. Leo vyombo vya Moa vinapita mbali na maboya yake, na anayesogea anafukuzwa kwa boti. Na Moa, badala ya kumkasirikia aliyetwaa au aliyenyamaza, ikaamua kwamba Bibi Samaki ameuza mwamba, kwamba amelipwa afute, kwamba alizileta disketi tupu makusudi. Yalisemwa sokoni, yakasemwa kwenye visima, yakasemwa na watu tulionyonya nao ziwa moja. Mjomba wetu mmoja, ambaye naye sasa yuko mbele ya haki, alimwambia hivi mlangoni kwake: "Mwanangu, tulikupa miaka yetu mitano, ukaturudishia plastiki." Mama yetu alipofariki tarehe 8 Mei 2014, dada yangu alikwenda kumzika mama yake, akakaa chumbani na wanawake wenzake, wakajisogeza upande, mkeka ukabaki wazi pembeni yake, na sinia la chakula lilipoingia hakuna aliyemkaribisha kula. Alikaa hadi hitma ikasomwa, akainuka, akafunga kanga yake, na tangu siku ile hakukanyaga tena Moa.

Aliacha kazi mwaka 2013, na mwaka 2014 yeye na shemeji wakahamia hapa Pongwe, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na habari ya mwamba wala disketi. Alifuga kuku, akalima mchicha na bamia, akawa mweka funguo wa madrasa, na wanawake wa mtaa huu wakawa wakimletea vitu vyao awatunzie wanaposafiri, hereni, vyeti vya watoto, hata usia. Majirani, hamkujua mlichokuwa mnamfanyia mlipomwachia vitu vile. Tuhfa ananiambia kuna usiku mama yake alikuwa akivitoa na kuvihesabu tena, akiogopa.

Disketi hakuziacha. Alizipeleka Tanga mjini kwa kila fundi, akazipeleka Mombasa, akazipeleka Dar es Salaam, kila akisikia mahali pana mashine ya zamani alikwenda, na kila mahali zikawekwa, zikakoroma, zikauliza swali lao. Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu, akagunduliwa figo zimeharibika kwa shinikizo la damu la muda mrefu, akaanza kusafishwa damu, na ni katika safari zile za hospitali Dar es Salaam, mwezi Agosti 2023, Tuhfa alipompata fundi mmoja mwanamke, Ruthi, anayeshughulika na mashine za zamani zilizosahauliwa. Ruthi hakuziweka kwenye mashine. Alizipasua plastiki kwa uangalifu, akaosha ukungu kwa dawa, akafungua kisomeo kimoja cha zamani na kukilegeza kichwa chake kidogo kidogo kukitafutia mahali ile kompyuta ya Tanga ilipokuwa imehamia. Na ni yeye aliyemweleza marehemu, bila kujua anasema nini, kwamba disketi nyingi hazitasomeka tena kwa kuwa kila zilipowekwa kwenye mashine, kichwa kilikuwa kikiparuza ukungu na kuondoa maandishi pamoja nao. Yaani kwa miaka ile yote, dada yangu alipokuwa akizunguka kuzitafutia mtu wa kuzisoma, alikuwa akizifuta kwa mkono wake. Tuhfa anasema mama yake hakulia, aliuliza tu kama mashine ile ya darasani Moa nayo ilifuta, na Ruthi akasema ndiyo, yawezekana ndiyo iliyofuta zaidi.

Zilipona disketi sita. Kati ya hizo mbili zilikuwa za Moa, za mwaka 2004 na 2005, na zilipofunguka kwenye skrini yalikuwepo yote, tarehe, majina ya vyombo, majina ya wavuvi, chewa na changu wakipanda mwezi hadi mwezi kama alivyowaambia. Marehemu alivaa miwani yake akasoma majina ya wavuvi kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila aliyekwisha kufa akamwombea rehema. Kesho yake Tuhfa alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji cha Moa kumpa habari. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwambia mkataba wa mwekezaji umeshasainiwa kwa miaka mingi, kwamba mambo yale yamepita, na kwamba kuwaonyesha watu sasa ni kutonesha kidonda. Tuhfa alitaka aende mwenyewe na karatasi zilizochapwa, azigawe msikitini baada ya Ijumaa. Mama yake alimkataza.

"Usiende. Watasema nimeziandika jana."

Hali yake ilizidi kuwa mbaya tangu mwezi Desemba mwaka jana, akalazwa hospitalini mjini Tanga tarehe 21 Januari, na jana Jumapili tarehe 2 Februari 2025, jioni, mumewe na binti yake wakiwa kando yake, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Mchana huu wazee wa Moa walimwita shemeji Ayubu pembeni, wakaomba kwa heshima wamchukue Bibi Samaki wakamzike nyumbani, kando ya mama yake, wakasema kaburi limeshaanza kuchimbwa. Shemeji alinitazama mimi nijibu, na nilisema nitajibu hapa, mbele ya wote. Wazee wangu, tunawashukuru kwa ombi hilo, na jibu ni hapana. Aliusia azikwe Pongwe. Nilimuuliza mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono wodini, kama hataki kulala karibu na mama, na ingawa alimpenda mama sana, alisema anataka kulala mahali ambapo akitajwa hakuna atakayesonya. Kaburi la Moa lifukieni.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na Tanga, ambao hawakuchoka naye hata alipowachosha. Namshukuru fundi Ruthi, aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri na yuko uani na mama zangu, hajala, naomba apewe chakula. Nawashukuru majirani wa Pongwe, ninyi ndio mliomrudishia marehemu uso wake. Nawashukuru wafanyakazi wenzake kwa kufika kwenu, na nawaambia kwamba kiti cha shahidi kilikuwa wazi kwa miaka kumi na miwili, hakuna aliyekikalia. Ndugu Uweso, tunakushukuru kwa kuja, na kama una neno, usiniambie mimi, mimi siye niliyekuomba mara mbili. Na ninyi ndugu zangu wa Moa, damu ya mama yangu, asanteni kwa magari mawili. Tuhfa amechapa majina yenu na samaki wenu wa miaka ile miwili, karatasi ziko mezani karibu na maji ya kunawa, kila mtu achukue ya baba yake, na hatudai kwamba mzisome.

Dada Mwanakhamis, umesikilizwa mpaka mwisho leo na hakuna aliyetoka. Lala sasa, upate utulivu tulioshindwa kukupa, Mola akupokee kwa haki, maana kwake yeye hakuna kinachofutika.

Tulinyanyue jeneza.